Gari Linanuka: Itafute Harufu Inapokaa

Mama mmoja wa Majengo, hapa Mombasa, alinijia mwezi uliopita, gari lake limefunguliwa vioo vyote vinne.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimelifukiza udi, nimelinyunyizia marashi, vikuba vya asumini nimetundika mpaka kwenye kioo. Gari halitaki kunukia."

Nikainama mlango wa nyuma. Juu kulikuwa na udi, na chini yake uchachu. Nikamuuliza kama siku hizi alibeba maziwa. Akanyamaza kidogo, kisha akakumbuka kidumu cha lita 5 alichopeleka kwenye shughuli Kisauni, na kifuniko chake kilikuwa hakikazi vizuri. Alipofika alikipangusa kiti, kiti kikakauka, akajua yamekwisha.

Maziwa hayakuwa kwenye kiti tena. Yalikuwa yamepita kwenye mshono, yakanywewa na sponji, yaliyobaki yakashuka chini ya kapeti, kwenye lile tabaka zito la kuzuia kelele. Humo yalikaa siku 11 katika joto letu.

Harufu mbaya haikai hewani, hewani inapita tu. Makao yake ni ndani ya kitu kilicholowa, na mpaka mahali hapo pafikiwe, kila unachonyunyiza juu kinaongeza harufu ya pili. Kazi yangu ni kusafisha magari ndani, na nusu ya kazi hiyo ni kutafuta.

Pua kwanza, maji baadaye

Sisi wa pwani tuna utajiri wa majina ya harufu, na majina hayo ni nusu ya utambuzi. Mtu akiniambia gari "lanuka" tu, sijui nianzie wapi. Akiniambia lina vumba, naenda buti. Akisema uchachu, nauliza maziwa, tui au chai. Akisema uvundo wa nguo iliyoanikwa chumbani, nafungua AC. Basi kabla hujashika kitambaa, ipe harufu yako jina lake.

Kisha itafute. Funga vioo vyote, liache gari juani saa moja. Gari lililofungwa juani hupanda nyuzi 20 hivi juu ya joto la nje ndani ya muda huo, na joto huitoa harufu ilipojificha. Fungua mlango mmoja, nusa chini, karibu na sakafu, kabla hewa haijabadilika. Funga, subiri, nenda mlango wa pili. Pua ya mwenye gari imeshazoea, kwa hiyo mwite jirani. Ukipata upande, kandamiza kitambaa cheupe kikavu kwenye kiti na kapeti kwa uzito wako wote, uhesabu mpaka 30. Kitambaa kikitoka na unyevu au rangi, umepata.

Usiridhike na juu. Ingiza vidole chini ya kapeti pembeni mwa mlango, pale palipofunikwa na plastiki ya kizingiti. Mara nyingi kapeti juu ni kavu kabisa na chini yake ukikamua maji yanatoka.

Uchachu: maziwa, maziwa lala, chai, tui

Maziwa yana protini, mafuta na sukari, na bakteria wanapovila vyote hivyo hutoa asidi. Asidi hizo ndizo uchachu. Kosa la kwanza analofanya karibu kila mtu ni maji moto. Protini ya maziwa huganda kwa joto jinsi yai linavyoganda, ikashikamana na nyuzi za kitambaa. Anza na maji baridi.

Kama yamemwagika sasa hivi, simamisha gari. Funika kwa kitambaa kikavu, kandamiza, badilisha kitambaa, kandamiza tena. Usisugue, kusugua kunayasukuma ndani. Mimina maji baridi kidogo, nyonya tena kwa kitambaa au kwa vakyumu ya maji. Rudia mpaka maji yatoke meupe ya maji, si meupe ya maziwa. Ukiwahi hivyo, kazi imekwisha kwa asilimia kubwa.

Kama yameshachacha, maji peke yake hayatoshi. Unahitaji sabuni yenye vimeng'enya, yaani chembe zinazokata protini na mafuta vipande vipande. Zipo zinazouzwa kwa ajili ya mkojo wa paka na mbwa, na sabuni nyingi za unga za kufulia zinavyo pia, soma pakiti. Koroga kwenye maji ya uvuguvugu, si moto, na uloweshe kwa kina kilekile maziwa yalichofika. Hapa ndipo watu hukosea mara ya pili: wananyunyiza juu, na maziwa yako inchi mbili chini. Kisha iache sehemu hiyo ikiwa imelowa saa kadhaa, ukiifunika na plastiki isikauke, kwa sababu vimeng'enya hufanya kazi kwenye maji tu. Suuza, nyonya, kausha. Kikishakauka kabisa, nyunyizia bikaboneti ya soda usiku kucha, asubuhi uifyonze. Bikaboneti hutuliza asidi, na uchachu ni asidi.

Maziwa yakiwa yamefika chini ya kapeti, kapeti lazima liinuliwe, na mara nyingi kiti kitoke. Viti vingi vya magari ya Kijapani vimefungwa kwa boliti nne, nyingi za spana namba 14. Lakini tazama chini yake kabla hujavuta: soketi ya manjano ni ya eabegi au ya kukaza mkanda. Zima gari, toa waya hasi wa betri, subiri dakika kadhaa, ndipo uichomoe. Usiiwashe swichi ya gari soketi ikiwa imetolewa, taa ya eabegi itawaka na haitazima mpaka fundi wa kompyuta. Kama hujawahi kufanya kazi hiyo, mpe anayeijua.

Tui la nazi lina tabia yake. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, basi maji ya barafu na AC kali huyafanya nta ndani ya sponji. Tui linyonye kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha sabuni ya vyombo kwenye maji ya uvuguvugu. Na sufuria ya wali wa nazi isipandishwe kitini hata kama safari ni ya kutoka Tudor hadi Makupa.

Vumba na shombo: samaki, pweza, papa mkavu

Mvuvi akikupa samaki wamefungwa barafu, barafu itayeyuka kabla hujafika nyumbani, na maji yake yatatafuta njia. Njia hiyo karibu siku zote ni ileile: kapeti la buti, mshono wa ubao, kisha kisima cha spea. Nimeinua spea za Probox nyingi na kukuta maji ya samaki yamelala humo kama supu, mwenye gari akisugua viti vya mbele wiki nzima.

Kwa hiyo ukisikia vumba, toa kila kitu butini. Toa ubao, toa spea, toa jeki na vifaa vyake, kwa sababu mfuko wa vifaa vya jeki hunywa maji kama sponji. Chini ya kisima mara nyingi kuna kizibo cha mpira. Kitoe, osha kwa maji mengi na sabuni, yatoke yote chini. Kisha siki nyeupe, kikombe kimoja kwa vikombe viwili vya maji, pangusa chuma chote, acha robo saa, suuza. Kirudishe kizibo kisima kikiwa kikavu, maana ukikisahau mvua ya kwanza itakuingizia maji ya barabarani.

Kwa nini siki? Kile kinachonuka kwenye samaki aliyekaa ni kemikali iitwayo trimethilamini, na hiyo ni besi, kinyume cha asidi. Asidi huikamata na kuigeuza chumvi isiyoruka hewani. Bibi zetu wanaoosha samaki kwa ndimu na kujisugua ndimu mikononi kuondoa shombo wanafanya kemia hiyohiyo. Kwenye gari napenda siki kuliko ndimu, kwa sababu ndimu huacha utamu unaonata na kuita sisimizi. Harufu ya siki yenyewe hupotea ikikauka.

Lishike hili, maana ndipo pesa nyingi hupotea: uchachu unataka bikaboneti, vumba linataka siki. Ukitia bikaboneti kwenye vumba hutapata kitu. Na ukivichanganya vyote viwili kwenye chombo kimoja, povu litakalotoka linafurahisha macho, lakini vimeshauana, umebaki na maji yenye chumvi kidogo.

Magadi tunayolainishia maharagwe si badala ya bikaboneti. Ni makali zaidi, hula ngozi ya kiti, hufifisha rangi na huacha ukoko mweupe. Ile poda ya kuumulia keki nayo ina wanga ndani yake, ikilowa inakuwa uji kwenye kitambaa.

Papa mkavu na ng'onda havimwagi maji, lakini harufu yao huingia kitambaa cha dari. Dari isiloweshwe, gundi yake huachia na kitambaa kikaning'inia. Pangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa barabara kwenye maji ya siki, kwa upande mmoja, mkono mwepesi.

Kiti kinachokauka mchana na kulowa usiku

Hili ni tatizo la wenye bahari. Jumapili watoto wametoka kuogelea, wamekaa kitini na kaptura zinazochuruzika. Jumatatu mchana kiti kikavu. Jumanne asubuhi kina unyevu, na baada ya wiki kina uvundo. Mwenye gari anadhani paa linavuja.

Paa halivuji. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji ya hewani na kuyeyuka unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, na chumvi nyingine zilizomo baharini huvuta hata hewa ikiwa kavu zaidi ya hapo. Usiku wa Mombasa hupita kiwango hicho mara nyingi. Kwa hiyo kiti kinakunywa hewa kila usiku, na jua peke yake halitakisaidia, kwa sababu jua linaondoa maji na kuiacha chumvi palepale.

Dawa ni kuiondoa chumvi kwa maji matamu. Ndiyo, unalowesha kiti kilicholowa. Maji safi, nyonya, maji safi, nyonya, mara tatu au nne. Lamba ncha ya kitambaa chako mara ya mwisho: kikiwa bado na chumvi, endelea. Kama nyumbani kwako maji ya bomba ni ya kisima yenye chumvi, na nyumba nyingi za kisiwani na Kisauni ziko hivyo, nunua mtungi wa maji ya kunywa kwa kazi hii, la sivyo unazunguka. Tazama pia reli za kiti na boliti, kutu huanzia hapo.

Uvundo AC inapowashwa

Harufu ikija dakika ya kwanza ya AC kisha ikapungua, usisugue viti. Nyuma ya dashibodi, upande wa abiria wa mbele, kuna kipoozeo kama rejeta ndogo. Hewa yetu nzito ikikigusa hutoa maji, kama bilauri ya maji baridi inavyotoka jasho. Maji hayo yakikaa na vumbi, ukungu unaota.

Uliza maswali mawili. Kwanza, ukisimama na AC inafanya kazi, maji yanadondoka chini ya gari? Yasipodondoka, na hasa kapeti la miguu ya abiria likiwa limelowa, bomba la kutolea maji limeziba. Fundi analizibua kwa upepo au waya laini kwa muda mfupi, na watu wengi wamekausha kapeti hilo mara tano bila kugusa bomba. Pili, chujio la hewa ya ndani lilibadilishwa lini? Kwenye magari mengi liko nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria, unakishusha kwa mkono. Nimetoa machujio yaliyokuja na gari kutoka Japani, yamejaa majani na manyoya ya panya. Chujio hilo halioshwi, linabadilishwa.

Baada ya hapo kuna povu la kusafishia kipoozeo, linapulizwa kupitia mahali pa chujio, vioo vikiwa wazi. Halafu jizoeze jambo moja: dakika tatu au nne kabla hujafika, zima kitufe cha AC lakini acha feni iende. Kipoozeo kinakauka, ukungu unakosa maji.

Kapeti likilowa bila AC kuhusika, fungua boneti utazame chini ya waipa. Majani ya mwarobaini hujaa hapo, mfereji unaziba, na mvua ya masika inaingia ndani. Kuyatoa ni kazi ya mkono.

Mkojo na matapishi

Mtoto hana kosa, basi usimkaripie mbele ya watu ukamzidishia kichefuchefu. Matapishi: kwangua kwa kadi ngumu, maji baridi, bikaboneti kwa sababu ni asidi ya tumbo, kisha vimeng'enya. Mkojo mbichi: nyonya na suuza mara moja. Mkojo uliokaa umeshageuka amonia, huo unataka siki kwanza, suuza, kisha vimeng'enya, kwa sababu asidi ya yuriki hubaki kama fuwele zisizoyeyuka vizuri kwenye maji na hunuka upya kila hewa ikiwa na unyevu.

Usitie jiki. Jiki ikikutana na mkojo au amonia hutoa gesi ya sumu, na ikikutana na siki hutoa klorini. Ndani ya gari lililofungwa hilo si jambo dogo.

Na mkanda wa kiti husahaulika. Uvute wote mpaka mwisho, ubane kwa kibanio usirudi, uoshe kwa sabuni laini na maji, uuache ukauke kabisa ndipo uurudishe. Dawa kali hudhoofisha nyuzi zake, na nyuzi hizo siku moja zitashika maisha ya mtu.

Petroli na mafuta ya taa

Petroli ikimwagika ndani, fungua milango yote na buti, usiwashe gari, usichaji simu, usitumie vakyumu ya umeme wala feni ya nywele. Cheche moja inatosha. Nyonya kwa vitambaa au mchanga mkavu, vipeleke nje mbali na jiko, na uliache gari wazi kivulini penye upepo. Harufu ikipungua kabisa ndipo sabuni ya vyombo na maji. Mafuta ya taa hayaruki haraka kama petroli, kwa hiyo yatahitaji kuoshwa mara kadhaa.

Hapa nasema kwa msisitizo kuhusu udi: usiingize chetezo chenye makaa ndani ya gari. Nimeona kapeti zilizotoboka kwa kaa, na penye mvuke wa petroli hutabaki na kapeti la kutazama.

Petroli ikinuka na hukumwaga kitu, usisafishe. Kwenye magari mengi kifuniko cha pampu kiko chini ya kiti cha nyuma, na mpira wake ukichoka harufu hupanda. Peleka kwa fundi leo.

Harufu ambazo si za usafi

Harufu tamu kama peremende, na kioo cha mbele kina ukungu wa mafuta unaorudi ukipangusa: hita inavuja maji ya rejeta. Yana sumu, na utamu wake huwavutia watoto na mbwa. Yai bovu: angalia betri, hasa kwenye haibridi zenye betri ndogo nyuma. Moshi wa ekzosi ndani: vioo wazi, fundi siku hiyohiyo, kwa sababu gesi inayoua ndani ya moshi huo haina harufu yake mwenyewe. Kitu kilichooza ambacho hukuwahi kukibeba, kikizidi feni inapowashwa: panya au mjusi amefia kwenye njia ya hewa, anza na mahali pa chujio.

Kukausha Mombasa

Kusafisha ni saa mbili, kukausha ni siku mbili. Gari lililooshwa vizuri na kufungwa likiwa na unyevu litanuka vibaya kuliko lilivyokuja, na ndiyo maana siku ya mawingu naweza kukataa kazi ya kapeti. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri, milango wazi, kapeti limeinuliwa kwa vipande vya mbao, feni ya nyumbani ikivuma chini yake. Jua likianza kushuka, funga, usiku usirudishe unyevu. Wakati wa kaskazi siku moja au mbili zinatosha. Masika ikikukuta, egesha mahali wazi penye hewa, washa injini, AC na joto pamoja, upepo ukielekea miguuni: AC hukamua maji hewani na joto hukausha. Fanya nusu saa, mara mbili kwa siku.

Gari la mama wa Majengo lilichukua siku tatu. Tulitoa kiti cha nyuma, tukaloweka lile tabaka la chini kwenye karai, tukalianika ukutani. Siku ya nne alinusa kila mlango mwenyewe, akanusa tena, kisha akatoa kikuba kimoja mkobani akakitundika. Kidumu cha maziwa sasa anakibeba ndani ya beseni, sakafuni, nyuma ya kiti cha dereva.